Gauni la Kiyunani la Mwalimu Veronika

Fundi cherehani hapewi barua ya kustaafu. Anastaafishwa na tundu la sindano. Masika iliyopita nilikaa dirishani, kwenye chumba chetu cha ushonaji hapa Dongobesh, nikijaribu kupitisha uzi mweusi. Nikalamba ncha mara ya kwanza, ya pili, ya nne, mpaka mmoja wenu akanyoosha mkono, akaichukua sindano, akapitisha uzi na kunirudishia. Alifanya kwa heshima, lakini nilielewa. Mwisho wa mwezi nikakabidhi mkasi, meza na ile pasi ya mkaa ambayo najua hamtaiwasha kamwe, nikarudi nyumbani kupalilia maharage.

Mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Humu hamtakuta habari za cheo, kwa sababu kazi yetu ina cheo kimoja tu, fundi, na wateja wanakuita hivyo hata kabla hujajua kutengeneza kola. Nililipwa nini pia siandiki. Mnajua wenyewe, maana na nyinyi ndicho mnacholipwa. Nitawaeleza nilikoanzia, walionifundisha, na gauni moja nililoliharibu wakati tayari nilikuwa najiona bingwa.

Niliingia kazini kupitia barazani. Aliyenipokea aliitwa Fundi Bura, mzee mfupi na mkali aliyeshonea mbele ya duka moja la vitu vya nyumbani, na aliyeweza kugombana na mteja akiwa na pini nne mdomoni bila kumeza hata moja. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya kanisani nikidhani nitakalishwa kwenye cherehani. Akanipa gunia kuukuu la mahindi, chaki na mkasi mzito, akaniambia nikate mkono wa shati. Nikakata. Akautazama, akautupa chini. Nikakata mwingine. Wiki tatu sikugusa uzi. Nilikata magunia mpaka kidole gumba kikaota sugu, na mama yangu akaanza kuuliza kama nimekwenda kujifunza ushonaji au ukuli.

"Kushona hata mashine inaweza," Fundi Bura aliniambia siku niliyothubutu kulalamika. "Kukata ndiyo ufundi. Kitambaa ambacho hakijaonja mkasi, binti yangu, bado ni shuka."

Neno hilo nililishika kama amri ya kumi na moja. Kwa nguo nyingi ni neno la kweli, na nawasihi msilidharau. Alinifundisha pia kumpima mtu kabla futi haijamgusa. Mteja anapokusalimia, angalia bega lipi limeshuka. Wanawake wa huku juu wamebeba kuni na ndoo tangu wakiwa wadogo, na wengi wana bega moja lililolala. Ukikata mabega sawasawa, gauni litavuta shingoni, naye atadhani ni shingo yake yenye kasoro. Wengi wamekufa wakiamini wana shingo mbaya kumbe walikuwa na fundi mbaya.

Miaka ile kitambaa kilikuwa cha kutafuta kwa tochi. Duka la ushirika likipata jora moja, tarafa nzima inavaa maua yale yale mpaka yafubae. Nakumbuka Pasaka moja nilihesabu wanawake kumi na tisa kanisani waliovaa kitambaa kimoja, na kumi na moja kati yao niliwashonea mimi. Nilitumia ibada yote kulinganisha pindo.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Milango ikafunguliwa, na marobota ya mitumba yakaanza kumwagwa chini kwenye mnada wetu. Fundi Bura alisimama pembeni akitazama watu wanavyochambua, akasema biashara yetu imekufa. Alikuwa na haki ya kuhuzunika, na kweli hakuendelea muda mrefu baada ya hapo. Alirudi shambani, akafariki miaka michache baadaye. Mimi nilikuwa kijana na sikutaka kufa. Nilianza kuchagua magauni mabovu, yale yaliyochanika ambayo hakuna aliyeyataka, nikaenda nayo nyumbani na kuyafumua kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya pili. Nilijifunza zipu iliyofichwa, bitana, kukata kwa mshazari ili nguo ilale mwilini, na jinsi mafundi wa mbali wanavyoficha makosa yao. Niliona kwamba wanakosea kama sisi. Wanaficha vizuri zaidi tu.

Kwenye robota moja ndipo nilipokutana na gauni jeupe la ajabu. Lilikuwa na bega moja tu. Marinda yalianguka kutoka begani mpaka chini, na chini ya matiti kulikuwa na mkanda mwembamba. Kwa nje sikuona mshono wowote. Nilivyojua mimi, nguo ya namna ile isingeweza kusimama mwilini. Nikaitundika ukutani niitazame kwanza kabla ya kuifumua.

Ikawa bado imetundikwa Sista Gaudensia alipoingia. Huyu alikuwa mtawa aliyefundisha maarifa ya nyumbani kwenye shule ya wasichana, mwanamke mrefu mwenye mabuti, aliyeleta kanzu zake nizibadilishe kola. Akasimama mbele ya lile gauni, mikono kiunoni.

"Hili ni la Kigiriki," akasema.

"La Wagiriki gani, Sista?"

"Wayunani. Wale wa nyaraka za Mtakatifu Paulo."

Nikacheka. Mimi Wayunani niliwajua kama watu wa kuandikiwa barua. Haikuwahi kunijia kwamba na wao walikuwa wanavaa, na kwamba lazima kuna mtu aliwashonea.

"Hakuna aliyewashonea," Sista akanijibu. "Ndiyo maana yake."

Wiki iliyofuata aliniletea kitabu kikubwa chenye picha. Kilikuwa kimejaa wanawake wa mawe. Wengine hawakuwa na mikono, mmoja hakuwa na kichwa, lakini nguo zao zilikuwa zimetulia miilini, rinda juu ya rinda, utafikiri upepo umepita sasa hivi. Sista alinieleza kwamba nguo yenyewe ilikuwa kitambaa cha pembe nne kilichotoka kwenye mtambo wa kufumia. Mwanamke anajizungushia, anakibana begani kwa pini kubwa, anajifunga mkanda, basi. Hakuna mkono wala kola. Usiku anaweza kujifunika kile kile. Alisema baada ya miaka mingi sana wanawake wa Ulaya walilirudia vazi hilo, wakaliacha, wakalirudia tena. Kila wanapochoka kubanwa kiuno, mafundi wao wanarudi kuyatazama yale mawe. Hata haya magauni ya harusi ya bega moja na mkanda chini ya matiti tunayoyaona kwenye majarida, alisema, bibi yao ni yule mwanamke asiye na kichwa.

Nilimsikiliza, nikamshukuru, na alipoondoka nikalifumua lile gauni. Ndani nikakuta kila kitu. Zipu ndefu mgongoni, bitana ngumu, mifupa ya plastiki minane ya kushikilia kifua, na marinda yote yameshonewa chini kwa mkono ili yaonekane hayakushonwa. Kwa nje Myunani, kwa ndani kazi ya fundi. Badala ya kujiuliza kwa nini wanahangaika kuigiza, nilifurahi. Nilijiona nimethibitishiwa maneno ya Fundi Bura. Kumbe hata shuka la Wayunani limeonja mkasi.

Tangu siku hiyo nikawa fundi wa "Kigiriki". Niliwashonea maharusi wa Dongobesh, wa Haydom, wa Mbulu mjini. Nilijua kuingiza ile mifupa mpaka msichana mwembamba akasimama na kifua cha mke wa mbunge. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kuwaambia wateja wanachotaka badala ya kuwauliza.

Hapo ndipo alipokuja Mwalimu Veronika. Wakati huo tulishakuwa mkoa mpya na karatasi zetu zote zilisema Manyara. Alitoka Endasak, akapanda mlima kupitia Dareda kwa sababu alikuwa amesikia habari za Kigiriki changu. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, msichana mwenye sauti ya chini. Alinisalimia, na kama nilivyofundishwa nikamwangalia mabega. Bega la kulia lilikuwa limevutwa mbele. Alipokuwa na miaka miwili aliungua kwa uji wa moto, na ngozi ilipopona ilijikunja ikashikana kuanzia kwapani mpaka karibu na kiwiko. Mkono ule aliweza kuuinua mpaka usawa wa kifua, basi. Ubaoni aliandika kwa mkono wa kushoto.

Akatoa kipande cha jarida chenye picha ya gauni jeupe la bega moja, na kitambaa. Wanangu, kile kitambaa! Cheupe, laini, kizito kidogo, kikianguka mkononi kinalala. Alikinunua mama yake Arusha na kukifungia sandukuni tangu Veronika alipoanza chuo cha ualimu, na mama mwenyewe alikuwa ameshafariki. Kingine kama kile hakikuwepo.

"Mashati ya vifungo navaa mwenyewe," alinieleza wakati nampima. "Ila gauni lazima mtu anivishe. Mama alikuwa ananivisha mpaka nikaenda chuo nikiwa mtu mzima. Chuoni nilikuwa naomba wenzangu. Mama, mimi siku ya harusi nataka nijivike mwenyewe. Hicho tu."

"Utajivika, mwanangu," nikamjibu, huku naandika kipimo cha kifua.

"Haliwezi kufunguka mbele?"

"Mbele ni gauni la kunyonyeshea. Unataka kanisa zima likae linahesabu miezi?"

Akakikunja kile kipande cha jarida. Kwetu huku bibi harusi anavishwa na shangazi zake, na niliyachukua maneno yake kama maneno ya wasiwasi ambayo kila bibi harusi anayo. Nilisikia habari ya mkono. Habari ya kujivika ilipita sikioni ikaenda zake.

Basi nikakata. Nilikitandika kile kitambaa mezani, nikatoa sketi kwanza, kipande kimoja kirefu cha mita tatu na kitu, cha kukusanya marinda chini ya matiti. Kilichobaki nikakikata kifua, bitana na mkono mmoja mrefu wa kulia, wa kulifunika kovu, maana niliamua kwa niaba yake kwamba kovu lifunikwe. Tundu la mkono nililikata kama la bega linaloinuka, na lake halikuinuka. Nikashona siku nne. Sijawahi kushona vizuri vile, na nasema hivyo nikijua nini kilifuata.

Jumatatu ya wiki ya harusi alikuja kujaribu. Ilitubidi watu wawili kumvisha. Fundi mwenzangu alishika kifua, mimi nikaupitisha ule mkono polepole, na niliona anavyouma midomo. Nikavuta zipu mgongoni. Nikamgeuza kwenye kioo. Lilikuwa limemkaa kama la kwenye picha, hata zaidi.

Alijitazama muda mrefu. Machozi yakaanza kumtoka, na mimi mjinga nikatabasamu.

"Limependeza sana, mama," akasema. "Silitaki."

"Kuna nini?"

"Nani atanifunga zipu?"

"Si shangazi zako wapo?"

"Ndiyo. Wapo." Akafuta uso kwa mkono wa kushoto. "Nilikwambia kitu kimoja tu."

Tukamvua, watu wawili tena. Akavaa shati lake, akafunga vifungo mwenyewe kwa mkono mmoja, kimoja kimoja. Aliondoka akaliacha gauni mezani. Alisema ataolewa amevaa sketi yake ya shuleni na shati. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana maneno yaliniingia. Nilikaa nikiutazama mkasi wangu. Maji yakimwagika hayazoleki, na kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa jora. Nilikuwa nimeikata zawadi ya mwisho ya mama yake.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Akaja Mama Gidamis, mwanamke mzee wa Kibarabaig kutoka upande wa Basotu, ambaye alifuatana na wanawe walipoleta ng'ombe, na kila mara alipita kwangu kukunjiwa pindo la shuka lisichanike. Alikuwa mteja wangu tangu enzi za baraza. Niseme ukweli, na unaniuma: sisi watu wa huku juu tulizoea kuwadharau Wabarabaig. Tuliwaona watu wa ngozi na mashuka. Kwa miaka karibu ishirini nilimkunjia yule mama pindo na sikuwahi kutazama anavyovaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uso umeanguka. Mgonjwa nani?"

Nikamwonyesha gauni na nikamweleza huku namkunjia pindo, kwa sababu siku hiyo ningemweleza hata ng'ombe. Aliligeuzageuza, akabonyeza ile mifupa kwa kidole.

"Hii ya nini?"

"Kushikilia kifua."

"Yeye kifua yake inaanguka?"

"Hapana."

Akaguna. Akaichomoa mikononi mwangu shuka aliyonipa nimkunjie, maana nilikuwa nimeshamaliza upande mmoja, akasema anataka kuniambia kitu. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa ambacho hakukiweka chini. Akaizungushia ile shuka mwilini kupitia chini ya kwapa, pembe moja akaishika kwa meno, nyingine akaivuta mbele kwa mkono uliobaki, akazikutanisha juu ya bega, akapiga fundo kwa vidole na meno. Alitumia muda wa kusema Baba Yetu, na haraka kidogo. Kibuyu hakikutikisika.

"Mwanamke ya ng'ombe mkono moja iko na kazi siku yote," akasema. "Nguo unavaa na hii nyingine. Wewe unakata kwanza, halafu unauliza mtu."

Nikasimama pale. Rinda juu ya rinda lilikuwa limeanguka kutoka begani kwake mpaka miguuni, lile lile la kitabu cha Sista. Penye miti hapana wajenzi. Nilikuwa nimewafuata Wayunani kwenye marobota ya mitumba wakati mteja wangu ananijia kila mwezi na nguo yao begani. Sijui kama Wayunani na Wabarabaig waliwahi kupeana habari, na sidhani. Nadhani ni kwamba mwanamke mwenye kazi na kitambaa cha pembe nne atafikia pale pale popote alipo.

Nikachukua wembe nikafumua. Kifua, mifupa, zipu, mkono, vyote nikaviweka pembeni. Ikabaki ile sketi, na sketi ya marinda haikatwi umbo, inakusanywa tu. Ilikuwa bado kitambaa cha pembe nne. Kwa kimo haikutosha kuanzia begani mpaka chini. Lakini nilipoilaza kwa ubavu, uliokuwa upana ukawa urefu. Nikaikata katikati, mara moja tu. Vipande viwili nikaviunga upande wa kushoto mpaka juu kwapani. Upande wa kulia nikaunga kutoka chini mpaka nyonga, juu nikaacha wazi, vipishane. Ukawa mfuko mpana ambamo mtu anaingia kwa miguu, anaupandisha, anabana bega la kulia na kujifunga mkanda. Mkono wa kuinua hauhitajiki. Bega la kulia unalifikia kwa mkono wa kushoto bila shida. Jaribuni hapo mlipo.

Ikabaki pini. Zetu za kawaida ni ndogo, huwezi kuzifungua kwa mkono mmoja, na kitambaa kizito zinakichana. Mama Gidamis akanishika kiwiko akanipeleka mnadani kwa shemeji yake, mhunzi wa shaba anayetengeneza bangili. Alimweleza kwa Kibarabaig, wakabishana, wakacheka, nadhani walinicheka mimi. Yule mzee akachukua bangili mbili nyembamba, akazinyoosha, akazikunja kama ndoana yenye kifuniko, akazisugua ncha kwa mchanga. Zilikuwa nene kuliko pini zetu na rahisi kushika. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto, zikafunguka na kufunga.

Ijumaa nilishuka Endasak, kipande cha mwisho cha safari nikiwa nyuma ya pikipiki na mfuko kifuani. Veronika alinipokea kwa adabu kama mgeni yeyote. Nikamwomba msamaha kabla ya kufungua mfuko, na nikamwambia kwamba hili naweza kumweleza tu, kumvisha sitamvisha. Nikavaa mwenyewe juu ya nguo zangu, mkono wa kulia nikiuweka mfukoni, nikashika pembe kwa meno kama nilivyoona. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akaingia chumbani nalo akakaa humo mchana mzima.

Shangazi yake mkubwa, Shangazi Maria, hakucheka.

"Bibi harusi ajivike kama mtu asiye na watu?" akaniuliza uani. "Mimi nipo. Nimewavisha wote wa ukoo huu."

"Ameomba hivyo, shangazi."

"Na ule mkono? Watu watauona."

Veronika alikuwa amesikia. Akajibu kutoka dirishani, kwa sauti yake ile ile ya chini, "Shangazi, mkono wangu Endasak nzima wanaujua tangu darasa la kwanza. Bega la kushoto nitalifunika kwa shela kanisani. Naomba uniachie hili."

Shangazi Maria akarudi jikoni. Asubuhi ya Jumamosi alikuja mapema kabisa, amejifunga khanga mpya, akasimama mlangoni pa chumba cha Veronika. Nikasimama naye. Mlango ulifungwa kwa ndani. Tulisikia maji ya kunawa, halafu kitambaa. Pini ikaanguka sakafuni.

"Nije?" Shangazi Maria akaita.

"Hapana, shangazi."

Pini ikaanguka mara ya pili. Nilikuwa nimeushika ule mlango na sikujua nimeushika lini. Shangazi Maria alinitazama, na macho yake yalikuwa na maji. Nilielewa kwamba hakuwa mkali, alikuwa anaogopa, kama mimi. Kama isingewezekana angetoka na sketi ya shuleni, na sisi wawili tungekuwa tumemwonyesha siku ya harusi yake kwamba kweli hawezi.

Kitasa kikazunguka.

Alikuwa amesimama wima. Kitambaa cha mama yake kilianguka kutoka bega la kulia mpaka kwenye vidole vya miguu, pini mbili za shaba zimeshika, mkanda umefungwa kidogo upande. Mkono wa kovu ulikuwa wazi, umetulia juu ya tumbo. Alikuwa anatokwa jasho kwenye paji la uso, na alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Shangazi Maria akaziba mdomo kwa khanga.

Mimi nilimwangalia kifundi, siwezi kuacha. Rinda moja lilikuwa limepinda. Na pale begani, chini kidogo ya pini, kwenye weupe, kulikuwa na alama nyekundu ya rangi ya mdomo, mahali alipokuwa amekishika kitambaa kwa meno. Ingechukua mkunjo mmoja tu kuificha. Mkono wangu ukanyooka wenyewe.

Veronika akautazama mkono wangu, kisha akanitazama usoni.

"Mama, acha," akasema.

Nikaurudisha mkono. Ile alama ikaenda naye mpaka altareni.